Siasa sipendi, lakini kikaoni nitaenda

Kila nikimuuliza mtu wa rika langu hapa Mombasa kuhusu siasa jibu ni lilelile, "mimi hayo mambo simo", na analisema kwa fahari kabisa, kidevu juu. Namuelewa. Mimi mwenyewe siasa siipendi, sipendi magari ya spika yanayopita saa kumi na mbili asubuhi mtu hata chai hajanywa, sipendi watu wazima kugombania fulana, na ile ya kusimama juani masaa manne kumngojea mheshimiwa aje apunge mkono aseme tuko pamoja afu aingie kwa gari aondoke, hapana, wacha nikae zangu nyumbani.

Lakini naona kuna mambo mawili tumeyachanganya. Tumeiona kampeni tukadhani hiyo ndo siasa, tukaichukia kampeni (na ina haki ya kuchukiwa) tukaacha yote kwa pamoja. Kampeni ni ya miezi michache kila baada ya miaka mitano. Ile nyingine, ya nani anachimbiwa mtaro na nani anangojea mafuriko mpaka mvua ijayo, dispensari gani ipate dawa, taa ya mulika mwizi iwekwe kwa kona gani, hiyo inaendelea Jumanne na Jumatano za kawaida, kwenye vikao vya kuchosha ambavyo hakuna nyimbo wala fulana. Na ndo hiyo nataka tuiongee.

Kura nitaipitia haraka manake kila mtu ashaisikia, lakini hesabu hii ya kwetu bado inanishangaza kila nikiikumbuka. Mwaka 2022 uchaguzi wa gavana hapa Mombasa uliahirishwa kutoka tarehe 9 Agosti mpaka 29 Agosti kwa sababu ya makosa kwenye karatasi za kura. Waliosajiliwa walikuwa zaidi ya 641,000. Abdulswamad Nassir akashinda kwa kura kama 119,000, Hassan Omar akafuata na kama 98,000. Sasa jumlisha hao wawili uone, haifiki hata 220,000. Waliobaki nyumbani ni wengi kuliko wote waliompigia wa kwanza na wa pili kwa pamoja, tena wengi sana. Mimi sisemi aliyeshinda hakustahili, alishinda kwa waliotokea, ndo sheria. Nasema tu mji ambao sensa ya 2019 iliuhesabu watu zaidi ya milioni 1.2, wenye bandari inayolisha mpaka Uganda na Kongo, kiongozi wake alipatikana kwa kura zisizofika hata moja kwa kila tano za waliosajiliwa. Afu mwaka mzima tunauliza mbona hatuskizwi. Na ile ya rais mwaka huohuo tofauti ya Ruto na Raila ilikuwa kama kura 233,000 nchi nzima, na Mombasa peke yake waliokuwa na kadi wakakosa kwenda siku hiyo ni wengi kuliko hizo. Wangempigia nani sijui, pengine matokeo yangebaki vilevile, lakini usiniambie tena kura yako si kitu.

Basi, kura imekwisha. Sasa nije kwa penye utamu.

Nchi yetu ina kalenda ya bajeti na wengi hatuijui kabisa, na si kwamba imefichwa, iko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 mtu yeyote anaweza kuisoma. Mwaka wa serikali unaanza tarehe 1 Julai unaisha 30 Juni. Kaunti inatakiwa iwe imepeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Kufikia 28 Februari unapelekwa mkakati wa fedha, hii ndo karatasi inayosema afya itapata kiasi gani, barabara kiasi gani, elimu ya chekechea kiasi gani. Kufikia 30 Aprili makadirio yenyewe yamefika bungeni. Sasa sisi huwa tunaamka lini? Juni! Juni ndo redio zote zinasema bajeti bajeti, ndo tunapiga simu kwa redio tunalalamika, na jahazi limetweka zamani liko nje ya mlango wa bahari, viwango vya kila idara vimeshapangwa tangu Februari na kilichobaki ni kuhamisha hamisha vidogo ndani yake. Anayejua hii kalenda vizuri ni nani? Mwanakandarasi anaijua. Yeye hana chuki na siasa hata kidogo, Septemba yuko, Februari yuko, na hajawahi kusema "mimi hayo mambo simo".

Nilienda kikao kimoja cha maoni ya bajeti kwetu wadini. Viti vilikuwa vingi kuliko watu. Ofisa akasimama na buku la kurasa kibao, lote la Kiingereza, akaanza kusoma kwa mbio kama anakimbizwa, bilioni hii bilioni ile, na sisi tunatazamana. Mbele walikaa walewale wa kila siku, wanaojuana na kila mtu, wanaopiga makofi kabla sentensi haijaisha. Nikajua hapa ni kupoteza muda tu. Afu mama mmoja mtu mzima wa makamo amefunga leso yake vizuri akanyanyua mkono akauliza, "Mwanangu, hicho kisima cha hapa nyuma ya msikiti, mwaka jana kilikuwa kwenye buku, mwaka huu kiko kwenye buku, je ardhini kiko?" Watu wakacheka, lakini ofisa hakucheka, alianza kufunua kurasa, akamuita mwenzake, wakanong'ona, na mwisho akasema hilo atalifuatilia na likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Kisima kilichimbwa? Bado sijui kitaisha lini, wamekuja na mashine wakapima wakaondoka. Lakini niliona kwa macho yangu swali la mtu mmoja aliyekumbuka buku la mwaka jana lilivyowasumbua kuliko kelele zetu zote za WhatsApp, na siri yake ilikuwa ni kwamba mwaka jana pia alikuja. Basi.

Najua utaniambia hivo vikao ni geresha, wameshaamua, wanatuita ili waseme walituita. Kweli kabisa, mara nyingi ni hivo! Lakini hebu jiulize kwa nini wanahangaika kutuita kama haina maana. Wanatuita kwa sababu Katiba ya 2010 imewalazimisha, ushirikishaji wa wananchi umeandikwa kifungu cha 10 pale kwenye maadili ya kitaifa, ukarudiwa kwa Bunge, ukarudiwa kwa mabunge ya kaunti, na wasipofanya kuna siku mtu atasimama mbele ya jaji na kila kitu kitaanguka. Na hili si la kinadharia, limetokea huku huku Pwani, na kisa chake nakipenda sana kwa hiyo nivumilie nikisimulie vizuri.

Lamu. Serikali na kampuni ya Amu Power walitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, megawati 1,050, mradi wa kama dola bilioni mbili. Kwasasi si mbali na mji wa kale wa Lamu, ule ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Uchumi wa watu wa pale unaujua, ni samaki, mikoko, punda na wageni. Sasa pata picha mtambo wa makaa, moshi, majivu ya kuhifadhiwa miaka na miaka karibu na bahari. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa leseni. Kwa macho ya kawaida mambo yalikuwa yameisha. Serikali inataka, kampuni kubwa inataka, benki za nje zinataka, na upande wa pili ni wavuvi na walimu wa madrasa na kina mama wa Lamu, nani angeweka pesa yake kwa hao?

Na tusidanganyane, Lamu yenyewe haikuwa na sauti moja. Walikuwepo waliotaka mtambo ujengwe manake waliahidiwa kazi, na kijana asiye na kazi ukimwambia habari ya moshi wa miaka ishirini ijayo anakuona una shibe. Hao sio wajinga, walikuwa na hoja yao. Lakini kina Save Lamu, muungano wa wenyeji waliopinga mtambo, walikuwa wamejipanga, walianza mapema wakiulizana nyumba kwa nyumba, kisiwa kwa kisiwa, wakaandika barua, wakahudhuria mikutano, wakaweka kumbukumbu ya nani alisema nini na siku gani. Leseni ilipotoka wakakata rufaa kwenye Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira. Ikaenda ikaenda, watu wanasafiri, kesi inaahirishwa, na tarehe 26 Juni 2019 uamuzi ukatoka, leseni imefutwa.

Sasa sikiza vizuri sababu kubwa waliyotoa, manake hapa ndo pa kushika. Walisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ile mikutano ya mwanzo ilikuwa ya kujitambulisha tu, tunakuja, mradi ni mzuri, asanteni. Ripoti yenyewe ya athari za mazingira ilipokamilika, yenye mambo ya moshi na maji ya moto yatakayomwagwa baharini, haikurudishwa kwa watu waisome waijadili kama sheria inavyotaka. Yaani mradi wa mabilioni ya dola uliangushwa na kikao ambacho hakikufanyika vizuri. Kile kile kikao tunachosema ni geresha! Mwaka uliofuata benki ya Kichina iliyokuwa itoe mkopo ikajitoa, kampuni nayo ilikuwa imekata rufaa, na mwaka 2025 mahakama ya Malindi ikaitupa rufaa hiyo. Kwasasi hakuna mtambo mpaka leo.

Lamu hiyohiyo, kwenye kesi ya bandari mpya, Mahakama Kuu mwaka 2018 iliamua wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 manake bandari ilijengwa bila wao kuskizwa sawasawa. Malipo yenyewe yakavutwa miaka na miaka, mtu ushindi anao mkononi na mfuko mtupu, hilo nalo lazima lisemwe. Ukishinda lazima ufuatilie tena na tena. Inachosha, wallahi inachosha.

Na kuna kitu nimekigundua kutokana na hizi kesi ambacho naona kila mtu angepaswa kukijua kabla ya kuingia kikaoni: ile karatasi ya mahudhurio. Unajua ile inayopitishwa pale mlangoni andika jina, namba ya kitambulisho, saini, afu unapewa soda na maji na wengine nauli. Ile karatasi ndo ushahidi wao. Siku kesi ikifika mahakamani wakili wa serikali anaifungua anasema "mheshimiwa jaji, wananchi mia tatu walishirikishwa, saini zao hizi hapa". Kwa hiyo wewe uliyeenda ukasaini ukachukua soda ukatoka kabla hata ofisa hajafungua mdomo, wewe ushatoa maoni tayari, umesema ndio. Halafu unajiita uko nje ya siasa! Uko ndani mpaka shingoni. Ukisaini basi kaa, na ukikaa sema, na ukisema hakikisha imeandikwa, na kama hawaandiki andika wewe na wenzako mpeleke barua.

Sasa mtu ataniuliza na 2024 je, manake ule mwaka vijana hawakungoja kikao. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na ushuru wa asilimia 16 kwa mkate, kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, na mengineyo, na kilichonifurahisha mimi si maandamano tu, ni kwamba watu waliusoma. Kwanza waliusoma! Vijana walikaa wakaufafanua kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa Kikamba, kwa Kijaluo, wakaweka video, namba za wabunge zikasambazwa simu zikajaa meseji mpaka waheshimiwa wakalalamika. Tarehe 18 Juni kodi ya mkate na ya gari zikaondolewa, tarehe 25 Juni Bunge likapitisha yaliyobaki na watu wakaingia Bungeni, na kesho yake rais akasema hatautia saini. Kwa gharama kubwa mno. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu zaidi ya watu 50 waliouawa kwenye maandamano ya miezi hiyo, wengine wakachukuliwa na watu wasiojulikana, na hakuna mswada wowote unaostahili roho ya mtoto wa mtu. Mimi nikiwasikia watu wazima wakisema hao vijana walitumwa huwa naondoka barazani.

Lakini Desemba ya mwaka huohuo unakumbuka kilitokea nini? Wengi hawakumbuki, na hapo ndo naumia. Sheria ya Marekebisho ya Kodi ilitiwa saini tarehe 11 Desemba 2024, na ndani yake yamo baadhi ya mapendekezo yaliyokuwa kwenye ule ule mswada uliokataliwa Juni. Watu walikuwa wanapanga safari za Krismasi, bei ya matatu imepanda, shule zimefungwa, nani ana muda wa vifungu. Sisemi kila kilichorudi kilikuwa kibaya, vingine hata vilikuwa vya maana kwa mfanyakazi, nasema tu Juni nchi nzima ilikuwa macho na Desemba tukawa usingizini, na anayetunga sheria anajua kabisa miezi yetu ya kulala.

Ndo maana siamini sana ile siasa ya kulipuka, kimya miaka minne afu siku tatu za moto. Moto una kazi yake, sikatai, kuna siku hakuna njia nyingine. Ila gharama yake wanalipa watoto wa maskini kila mara, na ungetafuta njia ya bei rahisi zaidi ingekuwa ni watu ishirini tu kwa kila wadi, ishirini, wenye kujua hiyo kalenda na wenye kwenda kila kikao bila kukosa. Wadi ziko 1,450 nchi nzima. Kwenye kikao cha viti vitupu kama kile cha kwetu watu ishirini wenye maswali yaliyoandikwa ni jeshi.

"Mimi nina kazi, sina muda." Sawa, wengi wetu ni hivo, na vikao huwekwa saa nne asubuhi siku ya kazi, sidhani ni bahati mbaya. Basi si lazima uende mwenyewe. Gawaneni. Sisi kwenye chama chetu tunachochangia kila mwezi tulikubaliana mmoja aende kwa niaba ya wengine, akirudi anatupa habari kwa sauti ya WhatsApp, dakika tano, na huwa tunamlipia nauli. Mara ya kwanza tulibishana saa nzima juu ya hiyo nauli, mmoja akasema siasa isiingie chamani. Nikamuuliza ada ya kibanda chake cha chipsi ilipandishwa na nani kama si sheria ya fedha ya kaunti iliyopita kwenye vikao hivyohivyo. Akanyamaza, nauli ikatoka.

Na wewe uliye Doha au Jeddah unatuma pesa nyumbani, barua pepe ya maoni haiulizi uko wapi. Matangazo ya miswada huwekwa kwenye magazeti na kwenye tovuti za Bunge na za kaunti, yanasema peleka maoni kabla ya tarehe fulani.

Kitu kingine kidogo ambacho nimekiona kinafanya kazi ni kuuliza kwa maandishi. Tuna Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, unaweza kuandika kwa ofisi ya umma kuomba nakala ya kandarasi ya barabara ya kwenu, na wana siku 21 za kujibu. Wakikaa kimya unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Wengi wao wanajibu nusunusu, wengine wanakuita ofisini "tuongee kama ndugu", usiende kuongea kama ndugu, omba jibu kwa karatasi. Kuna barua moja tuliandika kuhusu taa za barabarani zilizolipiwa na hazikuwaka, na kabla ya jibu kufika taa ziliwaka. Jibu lenyewe halijafika mpaka leo na hatulitaki tena.

Kuna bwana mmoja jirani yangu, fundi seremala, nilipokuwa namwambia haya yote akaniuliza swali la maana kuliko yote, "Na mimi Kiingereza sina, hiyo barua ataniandikia nani?" Kaka, andika kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, hakuna ofisi ya kukurudishia barua kwa sababu hiyo, na mkiwa kikaoni ombeni huo muhtasari wa bajeti pia uletwe kwa Kiswahili. Andika nakala mbili. Zote mbili zipeleke masjala, pale barua zinapopokelewa, moja waache nayo, ya pili wapige muhuri wa kupokea na tarehe, hiyo uirudishe nyumbani uiweke pamoja na hati za nyumba. Usikubali kuondoka bila muhuri hata wakikwambia mwenye muhuri ameenda chai, we kaa mngojee.